Mguu wa Tatu wa Ndege

Duka la Makumbusho
3 Februari

Mzee wangu Fundi,

Shikamoo. Hunijui, nami nakujua kwa kazi ya mikono yako tu. Mimi ndiye msimamizi wa duka dogo la makumbusho, lile ambalo wageni hulipitia kununua kitu cha kukumbukia kabla ya kutoka. Anwani yako nimepewa na mtunza kumbukumbu wetu. Amenionya kwamba kukupigia simu ni kazi bure, kwa kuwa masikio yako uliyaacha kwenye fuawe, ukigonga chuma.

Mwaka jana familia ya yule mfanyabiashara wa mbao ilibomoa nyumba yao ya zamani, na geti ulilowafulia likaletwa kwetu. Sasa limesimama katika ukumbi wa pili, limewekewa taa na kamba ya kuzuia watu. Wageni huanza kwa kutazama yale mapindo yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga, kisha wanamwona ndege mdogo pembeni chini, upande wa kulia, na hapo wote huchuchumaa. Ndiyo maana tumeamua kutengeneza zawadi za duka kutokana na geti hilo. Mapindo yatachapwa kwenye vitambaa vya jikoni. Ndege atakuwa kwenye hereni, vishika funguo, alamisho za vitabu na vikombe.

Shida iko kwenye miguu yake. Ana mitatu. Mbunifu wetu anasema ni kosa la fundi na anataka kuufuta mmoja ili ndege apendeze. Nimemkataza asiguse kitu mpaka mwenyewe uulizwe. Je, ni kosa? Kama si kosa, mguu huo una maana gani? Tungependa kuieleza kwenye kikadi kitakachofungwa kwenye kila zawadi. Kiwanda kinasubiri jibu hadi mwisho wa mwezi huu.

Ni mimi,
Msimamizi wa Duka


Nyumbani
11 Februari

Mwanangu Msimamizi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani. Mwambie mbunifu wenu aweke kalamu chini. Mguu usiguswe.

Sasa nikueleze jinsi geti linavyofuliwa, maana watu wengi hudhani mhunzi huchukua chuma akaanza kugonga mpaka kitu kizuri kitokee. Sivyo. Kwanza kazi nzima huchorwa kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, juu ya bamba kubwa la chuma lililolazwa sakafuni. Mchoraji wetu alikuwa mdogo wangu; mimi nilikuwa wa moto na nyundo. Unakipasha chuma mpaka kiwe chekundu kama ganda la nyanya, unakipinda, unakilaza juu ya ule mstari wa chaki kuona kama vinalingana, unakirudisha motoni. Kilichochorwa ndicho kinachofuliwa. Hiyo ilikuwa kanuni ya karakana yetu, na niliitangaza kila siku mpaka majirani wakaikariri. Ukitaka kubisha, bisha kabla moto haujawashwa. Chuma kikishatoka motoni unaweza kuhesabu hadi kumi na tano tu kabla hakijakataa kupindika, na huwezi kuzitumia hesabu hizo kuuliza maswali.

Kuhusu maana: wahunzi wa zamani walimfua ndege huyo kwa miguu mitatu. Mguu wa kwanza ni kazi, wa pili ni subira, wa tatu ni imani. Unaweza kuandika hivyo hivyo.

Hukuuliza kama kuna wengine wa kuwasalimia, lakini nikuambie. Tuko wawili tu, mimi na mke wangu. Kwa sababu ya masikio yangu, yeye huniandikia kwa chaki kwenye bamba lile lile la karakana, ambalo sasa limeegemezwa ukutani jikoni. Huandika "Chai tayari" au "Dawa", na jana aliandika "Umeacha bomba wazi tena". Mwandiko wake bado ni mzuri kuliko wangu.

Wako,
Fundi


Duka la Makumbusho
1 Machi

Mzee wangu Fundi,

Shikamoo. Mguu umebaki. Mbunifu amenuna siku mbili, kisha mwenyewe akavaa hereni za majaribio na hajazivua.

Nakuletea kifurushi chenye sampuli: vishika funguo viwili, kikombe, alamisho, na jozi moja ya hereni kwa ajili ya mama. Humo utakuta pia kikadi: "Ndege wa Miguu Mitatu. Kwa wahunzi wa zamani, mguu wa kwanza ni kazi, wa pili ni subira, wa tatu ni imani." Soma, na ukiridhika uniandikie neno moja tu, tupeleke mtamboni.

Mtunza kumbukumbu, ambaye hana baya, anasema katika vitabu vyake vyote hajakutana na ndege huyo mahali pengine popote. Anauliza kama unamkumbuka mhunzi yeyote mwingine aliyemfua, ili amwandikie.

Ni mimi,
Msimamizi wa Duka


Nyumbani
9 Machi

Mwanangu,

Usikichape kikadi hicho. Nilikudanganya. Hakuna mhunzi mwingine aliyemfua ndege huyo, wa zamani wala wa sasa. Niliogopa kwamba ukikosa maana, mbunifu wenu atafuta mguu, nikakutungia. Umri huu si wa kusema uongo kwa maandishi.

Tulikuwa na binti. Tulimwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo wake ambayo kila mgeni alijaribu kuifuta akidhani ni masizi ya karakana. Alikuwa na miaka sita. Popote alipopata chaki alichora ndege: mlangoni, kwenye pipa la maji, mgongoni mwa koti langu.

Jumamosi moja mdogo wangu alimaliza kuchora lile geti kwenye bamba. Jumatatu mtoto akalazwa kwa homa, na mama yake akahamia naye hospitali. Mimi nilibaki kazini, kwa kuwa geti lilitakiwa liwe mahali pake Ijumaa na niliamini homa ni homa, itapita. Nilikuwa nikienda kuwaona kila jioni, mtoto akiwa ameshalala, nikirudi mapema. Jumatano nilifika kwenye pembe ya chini ya mchoro na nikamkuta ndege. Nilidhani ni mzaha wa mdogo wangu. Aliwahi kuichora pua ya mteja ndani ya pindo la dirisha na mteja asijue. Chuma kilikuwa motoni. Niliangalia miguu, nikahesabu mitatu, nikafua mitatu. Kilichochorwa ndicho kinachofuliwa.

Ijumaa nilikwenda kulifunga geti. Nilirudi nyuma hatua kumi kutazama kama limenyooka, jua likampiga yule ndege, na hapo ndipo nilipomtambua. Jicho lake lilikuwa kubwa karibu sawa na kichwa. Ni mtu mmoja tu duniani aliyechora ndege namna ile. Zilibaki bawaba mbili. Nilizikaza, mwanangu. Nilimaliza kwanza kazi, dakika ishirini hivi, kisha nikapanda baiskeli na kukanyaga kwa nguvu zote, nikiwaza jinsi nitakavyomwambia kwamba ndege wake sasa ni wa chuma. Nilipofika hospitali sikuweka hata stendi. Niliiacha baiskeli ikaanguka. Kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Alikwenda bila kujua kwamba ndege wake alifuliwa.

Mke wangu hakuniuliza nilikuwa wapi. Alijua. Tangu siku ile hajaniita tena Baba Kidoti. Huniita Fundi, kama wateja. Ni miaka arobaini na moja sasa na simlaumu. Sikuwahi kumwambia kwamba sikumtambua ndege. Niliona ni heri anihesabu kama baba aliyechelewa kuliko ajue kwamba niliukodolea macho mchoro wa mwanangu, nikaugonga kama mchoro wa mtu baki. Kila mwaka nilikwenda kwa yule mwenye mbao kupaka bawaba mafuta, bila kuitwa. Alidhani ni bidii ya kazi.

Mguu wa tatu sijui ni wa nini. Labda alikosea kuhesabu. Lakini usiufute.

Sampuli nimezificha katika sanduku la zana. Mke wangu hajaziona na naomba asijue lolote katika haya.

Wako,
Fundi


Nyumbani, kupitia kwa jirani yetu mshonaji
12 Machi

Msimamizi wa Duka, binti yangu,

Hujambo. Mimi ni mke wa yule mzee unayeandikiana naye. Usishtuke, sijaja kugombana. Naomba tu kwamba ukinijibu, utumie anwani ya mshonaji iliyo nyuma ya bahasha, na mzee asijue nimekuandikia.

Kifurushi chako kilifika siku aliyokwenda kliniki. Nilikifungua, nikatazama, nikakifunga tena kwa gundi. Yeye hakugundua. Macho yake yamezoea chuma, karatasi huwa hayaioni. Kisha akaenda kuvificha vitu kwenye sanduku la zana, mahali ambapo mimi ndimi ninayepafagia.

Nimesoma kikadi. Kazi, subira na imani. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza, na nilipomaliza kucheka nikakaa chini. Huyo mzee wangu anaweza kukueleza kwa nini maji yanalowesha, na ukamwamini. Lakini hapa amebuni. Mguu wa tatu najua mimi ni wa nini.

Tulikuwa na mtoto, Kidoti. Jumamosi moja aliingia jikoni ana chaki hadi puani, akaniambia, "Mama, nimemwagiza Baba ndege." Alikuwa amemchora kwenye bamba, katika pembe iliyobaki wazi. Alikuwa ameisikia kanuni ya baba yake kila siku ya maisha yake, kwamba kilichochorwa ndicho kinachofuliwa, basi akaona njia ya kuagiza ni hiyo. Nilimuuliza mbona ndege ana miguu mitatu. Akaniona sijui kitu. Akasema ule si mguu, ni stendi, kama ya baiskeli ya Baba, kwa sababu ndege wa chuma ni mzito na akisimama siku nzima bila stendi ataanguka.

Alipolazwa aliniuliza habari za ndege kila alipoamka. Jumatano mchana shemeji yangu alituletea chakula, akaniambia kaka yake anafua ndege ambaye yeye hakumchora. Nikamwinamia mtoto nikamwambia, baba yako anamfua ndege wako sasa hivi. Akauliza, "Na stendi ameweka?" Nikamwambia ameweka. Akalala vizuri siku ile, na baba yake alipofika jioni sikumtajia ndege, nikidhani anataka kumshtukiza mtoto.

Basi Ijumaa nilikuwa nikitazama mlango, nikijua baba yake ataingia na ndege mkononi. Mtoto pia alikuwa akitazama. Baadaye nikaja kusikia kwamba ndege yuko kwenye geti la tajiri. Hilo ndilo lililonikaa kooni. Kuchelewa si kitu, watu huchelewa. Lakini alimfulia mtoto ndege wake, kisha akaenda kumfunga kwa mtu mwingine, mtoto akiwa anamsubiri. Sikuweza kumwita Baba Kidoti baada ya hapo. Nilidhani itakuwa wiki moja. Kisha ikawa mwaka, kisha ikawa ndivyo tunavyoishi.

Hasira yenyewe iliisha zamani, binti yangu, sijui hata mwaka gani. Kilichobaki ni kuona haya. Utaanzaje kumwita mtu hivyo kwa ghafla, mezani, ukiwa na kijiko mkononi?

Nimeona nikuambie ili usiandike upuuzi kwenye kikadi. Au andika tu. Watu watanunua.

Ni mimi,
Mama Kidoti


Duka la Makumbusho, kupitia kwa mshonaji
20 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako ninayo na kikadi nimekizuia.

Niko katika hali ngumu na sijui kuificha. Mzee naye ameniandikia, na ameniomba nisikwambie alichoandika, kama ulivyoniomba wewe nisimwambie ulichoandika. Sitavunja ahadi ya yeyote kati yenu. Lakini naruhusiwa kuomba. Nakuomba umuulize swali moja tu: ni lini alijua kwamba ndege ni wa Kidoti? Muulize siku, na saa ikiwezekana. Na umweleze habari za stendi. Tafadhali usikawie, Mama.

Kama nyumbani ni pagumu, njooni hapa. Jumamosi ya tarehe 20 Aprili nitaiondoa kamba, niweke viti viwili mbele ya geti, na mumguse ndege mtakavyo. Nitamwandikia mzee mwaliko wa kawaida, kama ofisi inavyowaandikia wageni wake.

Ni mimi,
Msimamizi wa Duka


Nyumbani, kupitia kwa mshonaji
29 Machi

Binti yangu,

Mwaliko umefika. Ameusoma, ameukunja, ameukunjua, kisha amenyoa ndevu, ingawa zimebaki wiki tatu.

Nitamuuliza swali lako huko huko getini. Nyumbani tumezoea kuandikiana habari za chai na bomba, na jambo hili si la kuandika kwenye bamba la jikoni likafutwa kwa kitambaa. Ukimkaribia upande wa kushoto anasikia kidogo. Nitasema kwa sauti, walinzi wenu wakidhani ni ugomvi wasije. Nitaanza na jina lake. Nimelijaribu asubuhi hii kwa mshonaji, likatoka vizuri tu, mshonaji akaacha kushona.

Hereni nitavaa. Nimeshazitoa kwenye sanduku la zana, nikaweka karatasi tupu badala yake.

Mama Kidoti


Duka la Makumbusho
22 Aprili

Mzee wangu Fundi,

Shikamoo. Jumamosi niliwasubiri. Kamba niliiondoa asubuhi na viti vilikuwa tayari. Kila mara mzee alipoingia na mwenzake, nilisimama. Walinzi walipoanza kuzima taa, mmoja alinisaidia kurudisha viti.

Labda safari ilikuwa ndefu. Viti vipo siku yoyote. Nijulishe tu kwamba hamjambo.

Ni mimi,
Msimamizi wa Duka


Nyumbani
3 Mei

Mwanangu,

Nisamehe kwa kukuweka ukisubiri. Mke wangu amefariki. Tumemzika tarehe 20, Jumamosi ile ile.

Jumatano asubuhi nilikuwa uani. Niliporudi jikoni nilimkuta sakafuni, na maji yanachemka. Kiharusi. Mshonaji alitusaidia kumfikisha hospitali. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala na sauti haikutoka, lakini macho yalikuwa yake, makali vile vile. Alinishika mkono akanivuta, nikasogea. Akanisukuma. Baada ya muda nikaelewa kwamba anataka nizunguke, nikae mahali ambapo sikio langu la kushoto litakuwa karibu naye. Nilizunguka. Midomo ilijaribu. Hakukutoka kitu.

Kisha akaanza kuchora kwa kidole kwenye shuka. Mstari, na mstari, na mstari. Nikaona anataka kuandika, kama nyumbani. Nilimwomba muuguzi chaki, akaniambia hospitali haina chaki. Nikaenda kutafuta. Duka la kwanza lilikuwa limefungwa, la pili hawana, la tatu nilipata. Nilikwenda haraka kadiri miguu yangu inavyoweza.

Niliporudi, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Kwa hiyo ni mara mbili. Wewe unanijua sasa na utaelewa ninachosema.

Kuna jambo moja silielewi na sina wa kumuuliza. Alikuwa amevaa hereni zako. Mimi nilijua ziko katika sanduku la zana. Gauni lake la kutokea lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa mlangoni, lakini hereni hakusubiri Jumamosi, alizivaa jikoni, akiwa na aproni. Sijui alizipata lini, wala alijua nini kuzihusu.

Bamba la jikoni limeandikwa "Maji yamechemka". Sijalifuta.

Wako,
Fundi


Duka la Makumbusho
10 Mei

Mzee wangu,

Pole. Sina neno kubwa kuliko hilo na natamani lingekuwepo.

Katika bahasha hii utakuta barua mbili za mke wako. Aliniandikia mwezi wa tatu akaniomba usijue. Ningali na ahadi hiyo mkononi, na leo naivunja, kwa kuwa aliahidi kukuambia mwenyewe na najua alipanga siku. Anza na ile ndefu. Ile fupi isome ukiwa umekaa.

Wewe ulinipa jambo, naye akanipa jambo. Nilifanya kama tunavyofanya hapa mgeni anapoacha mwavuli: nikaweka kila kimoja kwenye rafu yake na kungoja mwenyewe aje. Ningeweza kuandika mistari miwili mwezi wa tatu. Nimezihesabu siku moja moja kuanzia tarehe 12 Machi hadi 17 Aprili, na katika siku zote hizo mistari hiyo ingefika. Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu usome.

Msimamizi wa Duka


Nyumbani
26 Mei

Mwanangu,

Nimesoma. Nilianza na ile ndefu kama ulivyosema, na ile fupi nimeisoma nikiwa nimekaa jikoni, mbele ya bamba.

Usijihesabie siku. Sisi tuliishi nyumba moja miaka arobaini na moja, tukiwa na chaki na bamba, na barua ya hatua tatu kutoka meza hadi ukuta haikufika. Yako ilikuwa na safari ndefu zaidi.

Nikueleze ninavyoliona, kwa kuwa kueleza ndiyo kazi pekee niliyobakiwa nayo. Miaka yote nilidhani Kidoti alikwenda bila kujua. Kumbe alijua tangu Jumatano, aliambiwa na mama yake, na akauliza kuhusu stendi, na akajibiwa. Hilo nalichukua kwa mikono miwili. Lakini mama yake alikwenda akiamini kwamba nilimfua ndege kwa kukusudia, nikamtambua mstari kwa mstari, kisha nikamtoa kwa mtu. Aliishi na mtu aliyempa mtoto wake kitu akakichukua tena. Mtu huyo hakuwepo. Alikuwepo kipofu mwenye nyundo, ambaye pengine angekuwa rahisi zaidi kumsamehe, na mimi ndiye niliyemficha. Natafuta namna ya kumwambia. Nimezunguka upande wa kushoto na upande wa kulia wa nyumba hii, na hakuna mahali pa kukaa akanisikia.

Ile mistari ya shukani nimeikumbuka tena. Ilikuwa mitatu, mifupi, imeanzia mahali pamoja, kama miguu ya yule ndege. Hakuwa akitaka chaki. Alikuwa ameshaandika.

Sasa habari za kikadi. Kiwanda kimesubiri vya kutosha. Andika hivi, usiongeze kitu, na mtunza kumbukumbu asitie maneno yake:

"Ndege huyu alichorwa na Kidoti, mwenye umri wa miaka sita. Baba yake alimfua. Mama yake ndiye aliyejua kwamba mguu wa tatu si mguu. Ni stendi, ili asianguke anaposubiri."

Hereni nimemzika nazo. Kwa hiyo ukipata jozi nyingine usiniletee, nitakuja kuitazama huko huko. Nitafika Jumamosi ya wiki ijayo, asubuhi. Kiti kimoja kitatosha. Kamba uiondoe, maana nitakuja na mafuta. Bawaba za geti lile hazijapakwa tangu nyumba ilipobomolewa, na mbili za chini, zile nilizozikaza mwisho, ndizo hulia zaidi.

Wako,
Baba Kidoti